Kijarida Kinachorudi Sokoni

Hotuba ya kufungua warsha ya vijarida vya mkono, Dar es Salaam

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Dada na kaka, habari za asubuhi. Na ninyi mlioshika mikasi tangu mlipoingia mlangoni, iwekeni chini kidogo. Tutakata karatasi baada ya chai.

Kazi ya wiki hii mnaijua. Tutakwenda soko la samaki la Feri, tutakaa na watu, tutasikiliza, tutaandika tuliyoyaona. Kisha tutarudi kwenye meza hizi tutunge hadithi kutokana na hayo, na yote mawili, yaliyoonekana na yaliyotungwa, tuyafunge katika kijarida kimoja. Hakuna mchapishaji wala mhariri mkuu. Kuna karatasi, gundi, kalamu nyeusi, stepla, na mashine ya fotokopi ya steshenari iliyo mtaa wa pili, ambayo mwenyewe ameniahidi kwamba haitakwama. Tutaona.

Wale mliosoma mbinu za utafiti chuoni mmeshaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Ethnografia, yaani kukaa na watu na kuandika maisha yao, inasema kilichopo, hadithi inasema kisichokuwapo, sasa mtavichanganyaje bila kumdanganya msomaji? Ni swali la haki. Jibu langu halitoki kwenye nadharia, linatoka kwenye karatasi yenyewe. Kijarida cha mkono kina uwezo ambao kitabu kinene hakina: kinaweza kurudi. Ukiandika Jumatatu, Jumatano ukurasa uko mkononi mwa mama uliyemwandika, naye anakwambia hapa umepotoka, na Alhamisi unaubadilisha kwa bei ya kopi moja. Kitabu kikishatoka kiwandani hakirudi kwa mtu yeyote kuulizwa. Kwa hiyo mimi naona ruhusa ya kutunga juu ya maisha ya watu inapatikana pale tu ambapo watu hao watausoma utungo, au watasomewa, kabla haujapigwa pini. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote ni kulifafanua.

Kuna wanaodhani mambo haya yameanzia kwa vijana wa London na New York. Ni kweli kwamba wapenzi wa hadithi za kisayansi wa Marekani walikuwa wakidurufu majarida yao tangu 1930, na vijana wa muziki wa panki wa London wakashika mikasi na gundi mwaka 1976. Lakini mimi nikitafuta babu wa kijarida chetu namtafuta Lubumbashi, huko Kongo.

Mwaka 1965, mji ule ukiwa bado unaitwa Elisabethville, chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, maboi kama walivyoitwa, kilitoa historia ya mji wao. Aliyeikusanya ni André Yav. Ilipigwa taipu, ikadurufiwa, kwa Kiswahili cha Katanga kama kinavyotoka mdomoni, na Kifaransa kimejaa humo. Ikaitwa msamiati wa mji, ingawa si kamusi hata kidogo. Watu hawa hawakumsubiri mtu wa chuo kikuu aje na kinasa sauti awaulize maisha yalikuwaje. Wao ndio waliowapikia Wabelgiji, wakawafulia, wakasimama nyuma ya viti vyao wakati wa chakula cha usiku huku mabwana wakizungumza kana kwamba chumbani hamna mtu. Wakauandika mji kutokea jikoni.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipouchapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri, hakuweza kuusoma kwa macho tu. Maneno yameungana pasipotakiwa na yameachana pasipotakiwa. Ilibidi mwenzake, Kalundi Mango, ausome kwa sauti, na hapo ndipo maana ikafunguka. Ndani yake kumbukumbu, masimulizi ya kupokewa na hoja vinakwenda pamoja, na mpangilio wa matukio hauombi ruhusa kwa vitabu vya serikali. Mtu mwenye haraka ataita hayo makosa. Mimi nayaona ni kazi ya kundi lililokaa likakubaliana namna ya kujisimulia, na ningependa kijarida chetu kifanane nao kwa jambo moja hasa: kiandikwe kwa ajili ya sikio. Ukurasa usiosomeka kwa sauti kijiweni bila msomaji kujikwaa, uandikeni upya.

Pwani yetu nayo ilikuwa na vitabu vya mkono kabla ya mashine ya chapa kufika. Wanakili wa Siyu walijulikana kwa misahafu yao, na Lamu alikuwapo Muhammadi Kijumwa, mchonga milango na mwandishi wa hati nzuri, aliyenakili tenzi nyingi. Ukizisoma tenzi hizo hadi mwisho mara nyingi utakuta mtunzi anajitaja, kisha anawaomba wasomaji wakiona kosa walirekebishe. Hebu fikirini adabu ile. Mtu katunga mamia ya beti, na katika beti za mwisho anakukabidhi kalamu.

Sasa nije kwa Jean Rouch, Mfaransa aliyepiga filamu Niger na Kodivaa. Katika miaka ya 1950 aliwapiga filamu wawindaji wa Kisorko wakiwinda viboko kwenye mto Niger. Alipokuwa akiihariri akapachika muziki kwenye mawindo, tena muziki wa wawindaji wenyewe, ili kunoge. Akarudi nayo kwao, akawaonyesha. Walifurahi kujiona, lakini muziki wakaukataa. Kiboko ana masikio, wakamwambia, na mtu anayewinda hanyanyui sauti. Rouch akautoa.

Napenda kisa hiki kwa sababu muziki ule haukuwa uongo kwa kipimo cha Paris. Mtazamaji wa kule anajua kwamba muziki wa filamu unapachikwa baadaye, hadhani mpigaji ngoma alikuwa ndani ya mtumbwi. Kwa mwindaji, hata hivyo, sauti ile ilikuwa inamfukuza mnyama wake. Hakuna profesa ambaye angeiona dosari hiyo. Iliwataka waliokuwa mtoni.

Rouch huyohuyo alikwenda mbele zaidi. Mwaka 1958 alitoa filamu iliyopigwa Treichville, mtaa wa Abidjan, pamoja na vibarua waliotoka Niger kutafuta riziki. Hakuwahoji. Aliwaacha wajichezee maisha yao na wajipe majina wayatakayo. Mmoja wao, Oumarou Ganda, alijiita Edward G. Robinson, jina la mwigizaji wa Marekani. Picha zilipigwa bila sauti, kwa hiyo baadaye Ganda aliketi mbele ya picha zake mwenyewe akazisemea: kazi ya kubeba mizigo bandarini, hela inayoisha kabla ya wiki, wanawake, ndondi, vita vya Indochina alivyopigana akiwa askari wa Mfaransa. Jina ni la kubuni, lakini uchovu ule si wa kubuni. Na miaka kumi baadaye Ganda alitengeneza filamu yake mwenyewe juu ya askari anayerudi kutoka Indochina, akaisimulia kwa jicho lake, si la Rouch.

Wapo walioona njia nyembamba zaidi. Laura Bohannan, aliyefanya utafiti kwa Wativ wa Nigeria, alitoa riwaya mwaka 1954 kwa jina la kupanga, na kazi zake za kitaalamu akaziandika kwa jina lake halisi. Aliyoyahisi yakaenda kitabu kimoja, aliyoyapima kingine. Zora Neale Hurston, mwandishi Mmarekani Mweusi, hakukubali mgawanyo huo. Alikuwa mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Franz Boas, akirudi Florida kwao kukusanya ngano, na hapohapo ni mtunzi. Mwaka 1926 yeye, Langston Hughes, Wallace Thurman na vijana wenzao wa Harlem, mtaa wa Weusi wa New York, walitoa jarida lao wenyewe, wakaliita Fire!! Lilitoka toleo moja tu, likawaachia deni, na nakala nyingi zikaja kuteketea kwa moto wa kweli. Nalitaja jarida hilo kwa ajili ya wale mnaohofia kwamba kijarida chetu hakitafika toleo la pili. Huenda kisifike, na mimi halinisumbui.

Turudi Feri. Mkikaa na wavuvi muda wa kutosha, mtasikia habari za chunusi, yule pepo wa majini anayevuta watu. Kijana fulani alijua kuogelea kuliko wote, akazama mahali ambapo maji yanaishia kifuani, na wazee wanajua nani kamvuta. Mtafiti wa kawaida akiambiwa hivyo anaandika kwamba jamii ya wavuvi inaamini kuwapo kwa viumbe wa majini, kisha anaendelea na bei ya dagaa. Amelitaja na amelizika kwa sentensi moja.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, aliyachukua maneno ya mumiani na wazimamoto yaliyokuwa yakiwatisha watu wa Nairobi na Kampala enzi za mkoloni, kwamba kuna watu wanakamatwa usiku na kunyonywa damu. Hakuyatupa kwa sababu si kweli. Aliuliza watu walikuwa wanasema nini kuhusu kazi, magari, hospitali na serikali pale walipokuwa wanasema mumiani. Mimi nasema tufanye hivyo, halafu tuongeze jambo ambalo yeye, kwa kuwa ni mwanahistoria, hakulazimika kulifanya: tumpe chunusi ukurasa. Kushoto andika ulichosikia, siku gani, umekaa wapi, aliyesema alikuwa anafanya nini mikononi. Kama alikuwa anashona nyavu, sema alikuwa anashona nyavu. Kulia, tunga. Chunusi aje, awe na sauti, awe na njaa yake. Msomaji atapitisha jicho kutoka ukurasa mmoja kwenda wa pili na ataujua mpaka bila wewe kumpigia kengele.

Huo ni mpango wa wanaoanza. Mkishauzoea uvunjeni. Bei iliyotajwa kushoto iingie kulia bila kubadilika hata shilingi, au mtu wa kulia amjibu mtu wa kushoto. Lakini ukurasa wa mwisho wa kijarida nauomba ubaki wa uwazi: tuandike kwa maneno ya kawaida yapi tuliyaona, yapi tuliambiwa, yapi tumeyatunga. Ile sentensi ya kwenye tamthilia za televisheni, kwamba wahusika ni wa kubuni na wakifanana na mtu yeyote ni bahati tu, siitaki humu. Mkaangaji wenu atafanana na mkaangaji wa kweli kwa sababu mmemtazama siku nzima, bahati haimo.

Hapo ndipo linapokuja suala la kuwaficha watu, na hili wengi wanalichukulia kijuujuu. Wanabadili jina, wanaona kazi imekwisha. Kama soko zima lina dalali mmoja mwenye kigugumizi anayekipoteza kigugumizi chake mnada ukianza, mwite Juma, mwite Hamisi, kila mtu atamjua kabla ya kumaliza mstari wa pili. Hadithi inatupa dawa ambayo ripoti haina. Wawili wafanye mmoja. Mzee wa nyavu mgeuze mama wa barafu. Tukio la jana lipeleke msimu wa kaskazi. Mkifanya hivyo hakikisheni mnachokibadilisha si kile kinacholishikilia jambo lenyewe. Kama kisa kinasimama juu ya ukweli kwamba mwanamke haingii boti ile, ukimgeuza mwanaume kisa kimekufa. Na msimzulie mtu jinai. Katika kazi yenye watu wachache, wizi wa kubuni unamwangukia mtu halisi, na yeye ndiye atakayebaki pale sokoni ninyi mkiwa mmesharudi makwenu.

Nitoe mfano mmoja wa jinsi ukurasa unavyorudi. Kikundi kimoja nilichofanya nacho kazi kilitunga hadithi ya msichana anayefika mnadani alfajiri, anashindana kwa bei na wanaume wazima, anashinda, anaondoka na ndoo ya samaki wake kichwa juu. Hadithi safi. Tukampelekea mama mmoja mkaangaji nakala ya majaribio. Akasoma, akakunja uso, akauliza, "Huyu mwenzenu ana hela za nani?" Hatukumwelewa. Akatueleza kwamba wao huchanga, watatu, wanne, wakanunua fungu, wakagawana. Anayejinunulia peke yake ni mwenye hoteli. "Wanangu, hapa mtu akinunua peke yake tunamuuliza kaiba wapi."

Vijana wakanuna, maana walimpenda yule msichana wao jasiri. Lakini wakakaa chini, wakampa wenzake wawili wa kuchanga naye, na hapohapo hadithi ikapata kitu ilichokuwa inakikosa, yaani ugomvi. Nani kaleta hela pungufu, nani anachagua kwanza, nani kapewa vichwa vitupu. Mama yule hakuwa anatusahihishia takwimu. Alitupa kiini cha hadithi, na wala hakujiita mtunzi. Ningekuwa na uwezo ningemlazimisha kila mwandishi wa riwaya wa nchi hii apite mbele ya wakaangaji.

Mtaniuliza, je, mama akiukataa ukurasa na dalali akaukubali? Chapeni yote mawili. Acheni pambizo pana kwenye nakala ya majaribio, wapeni penseli, na maneno watakayoyaandika pembeni yaingie kwenye fotokopi kama yalivyo, kwa mwandiko wao. Asiyeandika atasema, na mmoja wenu ataandika mbele yake kisha atamsomea. Lakini mtu akisema habari yake itoke, inatoka. Hapo hakuna mjadala, hata kama ndio ukurasa mlioupenda kuliko yote. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, nasi tunajitahidi awepo.

Kuhusu ufundi nitakuwa mfupi, maana mikono itawafundisha. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu, ikafunguliwa, ikachanwa katikati kwa mkato mmoja tu, inakuwa kitabu cha kurasa nane bila pini. Kurasa zote ziko upande mmoja, kwa hiyo unatoa kopi ya upande mmoja, nafuu kabisa. Safu ya juu huandikwa kichwa chini. Kunjeni ya majaribio kwanza, mwandike namba, ndipo mwandike maneno. Kijarida kikubwa zaidi ni karatasi zilizokunjwa kati na kupigwa pini mgongoni, na kurasa lazima zigawanyike kwa nne. Karatasi nne ni kurasa 16. Namba za kurasa mbili zinazokaa pamoja upande mmoja wa karatasi daima hujumlika 17: 1 na 16, 2 na 15, hadi 8 na 9. Mkilishika hilo hamtavuruga mpangilio. Acheni upana wa kidole kila ukingo, maana mashine haifiki mwisho wa karatasi. Penseli nyepesi haitoki, tumieni wino mweusi. Picha ya simu ikipita kwenye fotokopi inageuka doa jeusi, kwa hiyo ichoreni kwa mkono kwa kufuatisha mistari yake. Mashine inapenda mstari, na mchoro unatupa nafasi ya kuacha uso wa mtu usijulikane.

Nakala mama isipelekwe sokoni. Sokoni kuna maji na magamba.

La majina. Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu cha desturi za Waswahili, ambacho sehemu yake kubwa ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Jina lililokaa juu ya jalada ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekihariri. Mtoro aliporudi huku mwaka 1905 na mkewe Mjerumani, watawala waliwakatalia kushuka melini, wakarudishwa Ulaya, na huko ndiko alikofia. Msinielewe vibaya, Velten alifanya kazi ya maana, na bila yeye huenda tusingekuwa na kitabu. Ila sisi tuna jalada letu wenyewe, na gharama ya kuongeza jina ni nukta kadhaa za wino. Anayetaka jina lake liwepo liwekwe kwa mpangilio wa alfabeti, mvuvi na mwanafunzi bila kutofautisha. Asiyetaka tusimtaje hata kwa shukrani.

Na kila aliyetupa habari apate nakala yake kabla ya rafiki zetu wa mjini. Tukiuza, wenye habari waambiwe bei na waambiwe hela inakwenda wapi. Hapa naona watu wanatabasamu. Najua kijarida cha karatasi moja hakimtajirishi mtu. Lakini mchuuzi wa samaki ana heshima ya hesabu kuliko sisi, atauliza, na tuwe na jibu.

Kesho tukutane upande wa kivuko saa kumi na moja alfajiri, kabla boti hazijajaa. Atakayechelewa atakuta mnada umepamba moto na hakuna mwenye muda wa kumsalimia. Vaeni viatu ambavyo hamuogopi kuvilowesha. Simu zikae mfukoni saa nzima ya kwanza. Msimwulize mtu chochote wakati anapara samaki kwa kisu kikali, msubiri amalize. Kunyweni chai kwa mama lishe wa palepale na mlipe bila kuomba risiti. Daftari ndogo, wino mweusi, na kila mtu aje na karatasi mbili tupu za kumwachia yule atakayesema anataka kuandika mwenyewe.

Chai iko tayari nyuma. Baada ya hapo chukueni mikasi.